Huyo Mzungu Wako Ametusaidia Nini?

Swali la safari hii limetoka kwa kijana wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwenyeji wa Kongwa. Nimelifupisha kidogo:

“Shikamoo mwalimu. Tumepewa kazi ya kuchagua mwanasayansi mmoja wa bayolojia ya uzazi na molekuli, tueleze athari ya utafiti wake. Nimemchagua Christopher Polge, yule wa kugandisha mbegu za kiume. Nilipoanza kuhesabu mara ambazo makala zake zimenukuliwa, nikakuta kuna watafiti wa siku hizi nisiowajua kabisa wana namba kubwa kuliko yake. Mwenzangu ananishauri nibadilishe. Halafu nilipokwenda nyumbani, baba mdogo, ambaye ni mfugaji, akaniuliza: huyo mzungu wako ametusaidia nini sisi? Nikakosa la kusema. Kwani athari ya mtafiti inapimwaje?”

Marahaba, mwanangu. Baba yako mdogo ameuliza swali zuri kuliko la mwalimu aliyewapa kazi, ila usiende kumwambia mwalimu wako kwamba nimesema hivyo. Nitaanza na la baba mdogo. La namba litajileta lenyewe.

Ungekuwa karibu ningekupakia kwenye pikipiki twende zizini. Mhimilishaji, yaani yule mtaalamu wa kupandisha ng’ombe kwa mrija bila dume, akifika, kitu cha kwanza kushusha ni ule mtungi wake wa alumini, anaoubeba kama mtu aliyebeba mayai. Akifungua kifuniko, moshi mweupe unamwagika hadi miguuni. Ule si moshi, ni unyevu wa hewa unaogandishwa na naitrojeni ya maji iliyomo ndani, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anapandisha kikopo hadi shingoni mwa mtungi, hapitilizi hapo, anachomoa mrija mmoja kwa koleo na kuutumbukiza haraka kwenye chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 37. Anahesabu kimoyomoyo. Mrija wenyewe ni mwembamba, unabeba robo au nusu mililita, na humo mna mbegu kama milioni 20. Akiutoa anaukausha vizuri, maana tone la maji likiingia mbegu zinakufa. Anakata ncha, anaupachika kwenye chuma chake cha kupandishia na kukificha ndani ya shati kisipoe. Mkono wa kushoto, wenye glavu ya hadi begani, unaingia nyuma ya ng’ombe na kushika shingo ya kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Wa kulia unasukuma polepole. Kazi imekwisha kabla ng’ombe hajamaliza kukasirika.

Sasa mwulize baba mdogo: dume yuko wapi? Huenda yuko Usa River kule Arusha, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji. Huenda yuko ng’ambo. Huenda alishachinjwa zamani, ngozi yake ikawa viatu, na mbegu yake bado inazalisha. Ukimweleza hivyo mfugaji wa Kigogo atacheka kwanza, kisha atanyamaza, kwa sababu yeye anajua gharama ya kununua dume mzuri, kumlisha kiangazi kizima, na kumwona akivunjika mguu korongoni.

Kabla ya 1949 hilo halikuwezekana. Kupandisha kwa chupa kulikuwepo, lakini mbegu ilipoozwa tu, ikichanganywa na kiini cha yai, na baada ya siku tatu hivi haikufaa tena. Dume alilazimika kuwa jirani na awe hai.

Ugumu ulikuwa kwenye barafu. Umekulia Kongwa, umenunua barafu za ubuyu kwa mama wa mtaani. Ile ya mchoyo wa sukari ni jiwe, inakukata ulimi. Ile yenye sukari ya kutosha inabaki laini hata ikitoka kwenye friza saa hiyo hiyo. Kitu kilichoyeyuka ndani ya maji kinayazuia yasigande yote kwa mpigo. Chembe hai ikigandishwa ovyo inapata balaa mbili. Fuwele za barafu zikijiunda ndani yake zinachana ngozi yake. Na hata zisipojiunda ndani, maji ya nje yakigeuka barafu, chumvi inabaki imejikusanya kwenye maji machache yaliyosalia, chembe inanyonywa maji na kunyauka kama zabibu iliyosahauliwa juu ya bati. Hiyo ya pili, ya chumvi, ilielezwa vizuri 1953 na James Lovelock, aliyekuwa kwenye taasisi ile ile ya Polge. Ndiye huyo huyo aliyekuja kujulikana baadaye kwa mambo ya sayari na hali ya hewa.

Polge alikuwa mtoto wa mkulima wa Buckinghamshire, Uingereza, aliyezaliwa 1926 na kusomea kilimo. Mwaka 1948 aliingia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba jijini London, akawekwa chini ya Alan Parkes, pamoja na Audrey Smith. Walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kuzichanganya na sukari ya matunda, kwa mantiki ile ile ya barafu ya ubuyu. Haikuwa na matokeo ya maana. Chupa za dawa zikawekwa kwenye chumba cha baridi, kazi ikalala miezi kadhaa. Waliporudi na kuchukua chupa ile yenye lebo ya sukari, mbegu ziligandishwa, zikayeyushwa, na zikaogelea.

Hapa ndipo ninapompendea. Walipotengeneza sukari mpya, mbegu zilikufa. Wakatengeneza nyingine, zikafa. Chupa ya zamani tu ndiyo iliyofanya kazi, nayo ilikuwa inakaribia kuisha. Mtu mwingine angeandika ripoti kwamba jaribio halirudiki, akaendelea na maisha. Wao walichukua masalia ya chupa wakayapeleka kwa mkemia ayapime. Majibu: hamna sukari humu. Kuna gliseroli, albumini na maji. Lebo zilikuwa zimebadilishana na chupa ya mchanganyiko wa ute wa yai na gliseroli, unaotumika maabara kubandikia vipande vya nyama kwenye vioo vya hadubini. Albumini haikuwa na kazi yoyote. Aliyefanya muujiza ni gliseroli, na gliseroli ni glisirini ile ile ya dukani, ambayo mama yako alikupaka midomoni ilipopasuka kwa upepo wa Julai.

Makala ikatoka 1949 kwenye jarida la Nature, ikiwa na majina matatu: Polge, Smith na Parkes. Fupi kabisa. Kwa kuku wenyewe shughuli haikuwa rahisi hivyo, maana gliseroli ikibaki kwenye mbegu za jogoo inazuia mayai kurutubishwa, lazima kwanza iondolewe. Kwa ng’ombe haikuleta shida hiyo. Mwanzoni walitumia barafu kavu, nyuzi 79 chini ya sifuri, baadaye dunia ikahamia kwenye naitrojeni ya maji, na hatimaye kwenye ile mirija niliyokueleza.

Turudi kwenye namba zako. Mnachofundishwa kupima ni hesabu ya nukuu, na kile kipimo cha h alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtu ana h ya 10 kama ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Si kipimo kibaya kwa kulinganisha watu wawili wa fani moja na rika moja. Lakini kitazame kwa makini. Mtu akiandika makala moja iliyogeuza dunia, kisha akaenda kulima zabibu Hombolo, h yake ni 1 hadi siku ya kiama. Na anayetoa makala nne kwa mwaka, zote za kawaida, akinukuliwa na marafiki zake nao wakinukuliwa naye, atampita mbali sana.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kuliona kabisa, na kwangu mimi ndilo jibu la swali lako. Kazi ikifaulu sana, watu huacha kuitaja. Mhimilishaji wa Kibaigwa hajui jina la Polge, na hana haja nalo. Watafiti wanaogandisha mbegu leo wanaandika tu “tuliongeza gliseroli asilimia kadhaa”, kama mama ntilie asivyokutajia nani aligundua chumvi. Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia jambo hili: wazo linameng’enywa na fani hadi chanzo chake kinafutika. Kwa hiyo mwenzako akikwambia Polge ana namba ndogo, mwambie hapo ndipo ulipoanzia kumchunguza.

Ukitaka kuona ukubwa wenyewe, fuata muda. Kugandisha mbegu kulitenganisha mambo mawili ambayo tangu kuumbwa kwa ng’ombe yalikwenda pamoja: uhai wa dume na kuzalisha kwake. Dume wa maziwa hakamuliwi. Ili ujue ana damu ya maziwa lazima usubiri binti zake wazaliwe, wakue, wazae, wakamuliwe, na hapo imepita miaka mitano au zaidi. Zamani ukishajua, dume amezeeka au amekufa. Mbegu ikiwa kwenye mtungi unasubiri bila wasiwasi, unapima binti, kisha unarudi mtunguni na kuwatumia wachache waliofaulu kwa maelfu ya majike. Maziwa mengi ya ng’ombe wa kisasa yametokana na subira hiyo.

Wengine wakaibeba mbali zaidi. Audrey Smith alionyesha kwamba hata chembe nyekundu za damu zinastahimili kugandishwa kwa gliseroli. Mwaka 1953, kule Iowa, Marekani, wanawake walishika mimba kwa mbegu za binadamu zilizogandishwa. Kijana anayetibiwa saratani leo anaweza kuweka mbegu zake kabla ya kuanza dawa. Na mwanafunzi wa Polge wa shahada ya uzamivu pale Cambridge, aliyefanyia kazi mbegu za nguruwe dume, aliitwa Ian Wilmut. Mwaka 1973 Wilmut alipata ndama wa kwanza duniani kutokana na kiinitete kilichogandishwa. 1996 akiwa Roslin, Uskoti, kikosi chake kikamzalisha Dolly, yule kondoo aliyenakiliwa kutoka chembe ya kondoo mzima. Athari ya mwalimu iliyopitia kwa mwanafunzi hutaikuta kwenye safu yoyote ya jedwali lako.

Upande wa molekuli, ambao nadhani mwalimu wako ataung’ang’ania, una visa viwili vinavyofaa. Cha kwanza ni cha kuchagua jinsia. Mbegu ya ng’ombe yenye kromosomu X ina vinasaba vingi kuliko yenye Y kwa asilimia 4 hivi. Tofauti ndogo, lakini inapimika: unazitia rangi inayong’aa zikimulikwa na leza, unazipitisha moja moja, nzito huku, nyepesi kule. Lawrence Johnson na wenzake wa Beltsville, Marekani, walifanikiwa kwa sungura mwaka 1989. Leo mfugaji anaweza kununua mrija wa majike kwa uhakika wa kama asilimia 90. Ila mashine hiyo ni moja na wafugaji ni maelfu. Bila kugandisha, mbegu zilizochaguliwa zingeishia mlangoni mwa maabara.

Kisa cha pili si cha sifa, na nakushauri ukipe nafasi kubwa kuliko cha kwanza. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume wa Holstein, mbari ya ng’ombe wa maziwa, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Kwa sababu ya mbegu zilizogandishwa alipata mabinti 16,000, na vitukuu wa kike wakafika milioni mbili. Alikuwa na damu ya maziwa kwelikweli. Ila kwenye kinasaba kimoja, APAF1, alibeba kasoro. Ng’ombe akiwa na nakala moja mbovu anaishi bila shida yoyote. Akirithi mbili, baba na mama, anafia tumboni. Wazao wa Chief wakapandishwa kwa wazao wa Chief, mimba zikatoka, na kwa miongo kadhaa mfugaji aliambiwa labda ni chakula, labda ni joto, labda ni mhimilishaji hajui kazi.

Iligunduliwaje? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipitia vinasaba vya maelfu kwa maelfu ya Holstein na kuona kipande cha kromosomu ambacho wengi walikuwa nacho kwa nakala moja, lakini hakuna hata ng’ombe mmoja aliyekuwa nacho kwa nakala mbili. Kwa hesabu za Mendel, zile za kurithi kutoka kwa baba na mama, walipaswa kuwepo wengi. Hawakuwepo kwa sababu hawakuzaliwa. Yaani waliisoma kasoro kwa kuwahesabu waliokosekana. Mwaka 2016 kinasaba chenyewe kikatajwa, na makadirio yakatolewa: mimba zaidi ya 500,000 zilizotoka duniani, hasara ya dola milioni 420. Watafiti hao hao wakakadiria kwamba vinasaba vizuri vya Chief viliongeza maziwa ya thamani ya dola bilioni 30. Sasa liweke hilo kwenye mizani. Mtungi ule ule uliosambaza maziwa ulisambaza na mauti, na haukuwa na uwezo wa kubagua. Ilibidi bayolojia ya molekuli ije kusafisha zizi lililojazwa na bayolojia ya uzazi.

Nadhani sasa tunaweza kumjibu baba mdogo, na tumjibu bila kumdanganya. Hapa kwetu katikati ya nchi, Polge amesaidia kiasi, tena kwa baadhi. Waliofuga chotara wawili watatu pembezoni mwa mji wanamfaidi. Mwenye ng’ombe 80 wa kienyeji wanaoshinda machungani, bado anategemea dume wa zizini, na hana kosa. Ng’ombe wetu wa nundu joto lake, yaani muda wa kutaka dume, ni fupi, na mara nyingi huja usiku wakati wewe umelala. Asubuhi wanafunguliwa, jioni wanarudi, joto limepita. Hata ukiliona, mhimilishaji yuko mbali na naitrojeni haipatikani kila kona. Na ukifanikiwa kupata ndama wa Friesian ukamlisha mabua ya mtama kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, kilichomo kwenye damu yake hakitakusaidia. Vinasaba havikamuliwi bila majani.

Mimi mwenyewe nimewahi kushiriki kuwatesa wafugaji bila kujua. Miaka mingi iliyopita, kwenye mradi mmoja ambao sitautaja, tulipandisha majike ya kijiji kizima kutoka mtungi mmoja. Hakuna aliyeshika. Tukarudi baada ya siku 21, tukapandisha tena, hola. Safari ya tatu ndipo niliposhika hadubini, na ndani ya tone zima hakukuwa na kitu kinachotikisika. Naitrojeni ilikuwa imekauka njiani wakati fulani, mtu akajaza tena, akanyamaza. Mrija wenye mbegu mfu hautofautiani kwa macho na mrija mzima. Lebo ni ile ile, rangi ni ile ile. Yule mama aliyeuza mbuzi kulipia huduma aliniuliza pesa yake iko wapi. Nilimrudishia mfukoni mwangu, lakini miezi ya maziwa aliyoikosa sikuwa na namna ya kuirudisha. Tangu siku ile siamini lebo. Polge na wenzake nao wasingeiamini.

Ukiwa na nauli, fika Mpwapwa. Wapo pale ng’ombe wanaoitwa kwa jina la mahali penyewe, Mpwapwa, waliotengenezwa kituoni kwa kuchanganya zebu wetu, Boran, Sahiwal na Sindhi Nyekundu, na damu kidogo ya Ulaya, ili wapate maziwa kidogo zaidi bila kufa kwa kiangazi. Walikuwa wachache tangu mwanzo. Kwa mbari ndogo kama hiyo mtungi una kazi nyingine isiyo ya biashara: ukame mmoja mbaya au homa moja ikipita, kilichogandishwa ndicho kitakachokuwa kimebaki. Ningekuwa mwanafunzi ningefunga insha yangu palepale bandani, na jedwali la nukuu ningeliweka kwenye kiambatisho.

Kwa hiyo usimbadilishe Polge. Ila umwandike kama mmoja wa watatu, na jina la Audrey Smith lisipotee, kwa sababu limepotea mara nyingi mno. Tuzo zake utazikuta kirahisi, ile ya Wolf ya 1988 na ya Japan ya 1992. Sentensi moja inazitosha. Nafasi iliyobaki ipe chupa, Chief, na zizi la baba yako mdogo.

Naye msalimie sana, mwambie mbukwa. Kama ana mtamba anayetaka kupandisha kwa mrija, amlaze karibu na nyumba, na alfajiri atoke nje na tochi. Akimkuta amesimama tuli anapandwa na wenzake, apige simu asubuhi ile ile, apandishwe jioni. Asingoje kesho.